Panya akila mahindi yenye ukungu hafi, lakini ini la mlaji halina kinga yake

BWIZA, Bujumbura – Mahindi, karanga na unga ni biashara isiyolala Bwiza. Mzigo huingia Bujumbura kwa lori kupitia mpaka wa Kobero, kwa boti kutoka Kigoma na Mpulungu, au kutoka mashamba ya uwanda wa Imbo. Tangu soko kuu la mji lilipoungua Januari 2013, biashara ya chakula imesambaa kwenye masoko ya mitaa na maduka ya kando ya barabara. Ghala la mfanyabiashara wa kawaida ni chumba cha nyuma ya duka, chenye joto la ziwani, unyevu na panya.

Panya huyo ni adui, lakini kuna wanaomfanya mpimaji. Gunia likitobolewa usiku, mwenye mali akaona panya amekula na kesho yake karudi akiwa mzima, hujiambia kwamba nafaka ile, hata kama ina ukungu kidogo, haina ubaya. Kama ingekuwa na sumu, si panya angekufa kwanza?

Jibu la sayansi ni hapana. Panya mdogo wa nyumbani anaweza kula sumu ya ukungu kwa kiasi kinachomdhuru mtu na wanyama wengine wengi, na asipate neno. Siri ya ustahimilivu wake ilifichuliwa na watafiti wa saratani waliotengeneza panya wa aina yake, waliobadilishwa vinasaba. Walichokiona kinamhusu kila anayenunua, kuhifadhi na kuvusha nafaka katika Afrika Mashariki.

Sumu isiyoonekana

Mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Wachunguzi waliufuata hadi kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Mashudu hayo yalikuwa yameota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na kuvu huyo alikuwa ameacha sumu. Kutokana na jina lake sumu hiyo ikaitwa aflatoksini. Leo wataalamu wa Tanzania huita sumu za aina hii sumukuvu.

Kuvu huyo anaishi kwenye udongo wa nchi zote za joto. Huingia kwenye muhindi au karanga shambani, hasa ukame unapoubana mmea, kisha hustawi pale nafaka inapowekwa kabla ya kukauka. Sumu yake haina rangi wala harufu ambayo pua au jicho la mnunuzi linaweza kuitegemea. Gunia lenye ukungu wa kijani ni la kuogopwa, lakini gunia linaloonekana safi nalo linaweza kuwa na sumu, kwa sababu kuvu hufa au hupepetwa na sumu ikabaki.

Moto wa jikoni hauiondoi. Aflatoksini huanza kuvunjika katika joto kubwa kuliko la maji yanayochemka, kwa hiyo ugali, au bugali kama wasemavyo Bujumbura, hupikwa ukaiva na sumu ikabaki ndani yake. Kusaga ndiko kunakoificha kabisa, kwani punje chache mbovu zikishachanganyika na kilo 100 za unga, hakuna awezaye kuzichambua tena.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1987. Kiungo kinachoumia ni ini.

Kwa nini panya hafi

Wanasayansi walipoanza kuijaribu sumu hii kwa wanyama, walikutana na fumbo. Panya wakubwa wa maabara walidhurika kwa urahisi. Katika utafiti wa Gerald Wogan na wenzake wa Marekani uliochapishwa mwaka 1974, panya hao walipolishwa chakula chenye sehemu 100 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja, wote katika kundi hilo walipata saratani ya ini. Lakini panya wadogo, jamaa wa karibu wa yule anayetoboa magunia, walipewa kiasi kikubwa zaidi wakaendelea na maisha yao.

Kumbe tofauti ipo ndani ya ini. Aflatoksini inapofika huko, ini huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachonata kwenye vinasaba vya chembe. Vinasaba ndiyo maandishi ya maagizo ambayo kila chembe ya mwili huyafuata. Yakiharibiwa mahali pabaya, chembe husahau lini iache kugawanyika, na hapo saratani huanza. Panya mdogo ana mlinzi, kimeng'enya kinachoidaka sumu ile kabla haijanata na kuitoa nje ya mwili. Binadamu naye ana vimeng'enya vya ukoo huohuo, lakini kwa kazi hii vyake ni dhaifu sana.

Hayo yalikuwa maelezo yenye mantiki, lakini yalihitaji ushahidi. Njia ya kuupata ilikuwa kumnyang'anya panya mlinzi wake na kuona kitakachotokea.

Panya wa namna hiyo hutengenezwa hivi. Watafiti huchukua chembe changa kutoka kwenye kiinitete cha panya, chembe ambazo bado zinaweza kuwa kiungo chochote. Humo hulizima jeni moja tu wanalolitaka, kisha huzirudisha chembe hizo kwenye kiinitete kingine na kukipandikiza kwa panya jike. Baada ya takribani majuma matatu huzaliwa watoto waliochanganyika, na katika vizazi vinavyofuata hupatikana panya wasio na jeni lile kabisa. Waliogundua mbinu hiyo, Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2007.

Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo mtaalamu wa saratani ya ini Stewart Sell, lilichapisha matokeo ya panya waliozimwa jeni la mlinzi wa aflatoksini. Panya hao walikuwa na afya na huwezi kuwatofautisha na wenzao, mpaka walipopewa sumu. Kiasi ambacho panya wa kawaida alikivumilia kiliumiza maini yao, na sumu iliyonata kwenye vinasaba vyao ilikuwa takribani mara 100 ya ile iliyoonekana kwa panya wa kawaida waliopewa kiasi hichohicho.

Hivyo fumbo likafumbuka. Panya wa ghalani hafi kwa sababu amezaliwa na kinga ambayo mnunuzi wa unga hana. Kumtumia kupima ubora wa mahindi ni sawa na kumtumia samaki kupima kina cha maji.

Panya wa pili, aliyewekewa kirusi

Kuna swali la pili ambalo lilihitaji panya wa namna nyingine. Saratani ya ini huonekana sana katika nchi ambazo nafaka hushikwa na ukungu, na mara nyingi nchi hizohizo zina watu wengi wenye kirusi cha homa ya ini aina ya B. Je, ni sumu au ni kirusi? Au vinasaidiana?

Panya hapati homa ya ini B ya binadamu, kwa hiyo katika miaka ya 1980 Francis Chisari wa California na wenzake walitumia mbinu ya kuongeza badala ya kuzima. Kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, jeni la kirusi huingizwa ndani ya yai la panya lililokwisha kurutubishwa. Yai likikua, kila chembe ya panya anayezaliwa hubeba jeni hilo. Baadhi ya panya hao walitengeneza protini ya ganda la kirusi kwa wingi hadi ikarundikana kwenye ini. Ini likaumia, likajikarabati, likaumia tena, na panya walipozeeka wakapata saratani ya ini.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Mwaka 1991 Sell, Chisari na wenzao walitangaza matokeo ya panya hao walipopewa kemikali zinazosababisha saratani, aflatoksini ikiwemo. Wenye jeni la kirusi walipata vivimbe na saratani haraka zaidi kuliko panya wa kawaida waliopewa kemikali zilezile. Kirusi hulilazimisha ini kujikarabati kila siku, na sumu huharibu maandishi wakati yanapoandikwa upya. Vikikutana, madhara yake huzidi yale ya kila kimoja peke yake.

Ushahidi kutoka kwa watu

Panya si mtu, na mfanyabiashara ana haki ya kuuliza kama hayo yanamhusu binadamu. Ushahidi wa binadamu upo, na sehemu ya mwanzo ya ushahidi huo ilipatikana hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1973 watafiti F. Peers na C. Linsell walichapisha kazi waliyoifanya Murang'a, Kenya. Walipima chakula kilichokuwa tayari kuliwa majumbani, kuanzia maeneo ya juu yenye baridi hadi ya chini yenye joto. Kadiri walivyoshuka bondeni aflatoksini iliongezeka kwenye sahani, na saratani ya ini iliongezeka pamoja nayo.

Mwendo huo unaeleweka kwa anayeishi Bujumbura. Mji huu uko ufukweni, chini sana kuliko milima ya Mugamba, na joto lake ndilo kuvu analolipenda. Gunia lililokaa salama juu milimani linaweza kuharibika likishushwa na kukaa wiki kadhaa kwenye chumba kisicho na hewa.

Ushahidi uliokata shauri ulitoka Shanghai, China. Wanaume wapatao 18,000 walitoa mkojo na damu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyotolewa katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa waliokuwa na dalili za aflatoksini peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3 kuliko wasio nayo. Wenye kirusi cha homa ya ini B peke yake, mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60.

Habari njema nayo ilitoka China. Katika wilaya ya Qidong watu waliacha mahindi na kugeukia mchele katika miaka ya 1980, na vifo vya saratani ya ini vikapungua hata kwa waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini. Afrika Mashariki haiwezi kuacha mahindi, wala haihitaji. Inachohitaji ni mahindi makavu.

Sumu mpakani

Kwa wafanyabiashara wa mipakani, jambo hili lilikwisha kuingia mfukoni kabla ya kuingia akilini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini nyingi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, karibu watu 20 walikufa kwa sumu hiyohiyo. Hao ni waliokula kiasi kikubwa kwa mkupuo. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawaandikwi kwenye taarifa yoyote ya mlipuko. Huonekana baadaye hospitalini, tumbo likiwa limevimba na ini likiwa limechelewa kutibika.

Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka na cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi kiwango.

Kiwango hicho ni kimoja kwa Jumuiya nzima. Kanuni ya ubora wa mahindi ya Afrika Mashariki inataka unyevu usizidi asilimia 13.5, aflatoksini zote kwa pamoja zisizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile kali zaidi iitwayo B1 isizidi 5. Kwa lugha ya mizani, gunia la kilo 100 lisiwe na aflatoksini zaidi ya miligramu 1, yaani gramu moja iliyogawanywa mara 1,000. Lori la tani 30 lisiwe na hata theluthi moja ya gramu. Na kumbuka wale panya wa Wogan: chakula kilichowapa saratani wote kilikuwa na sumu mara 10 tu ya kiwango hiki.

Wafanyabiashara wadogo wanaovusha mzigo usiozidi dola 2,000 wana cheti rahisi cha uasilia, kinachowaondolea ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Cheti hicho kinasema bidhaa imetoka wapi. Hakisemi kama ni salama, na ofisa wa ubora ana haki ya kuipima. Kwa Burundi kazi hiyo ni ya ofisi ya viwango, BBN.

Hapa ndipo penye swali gumu. Mzigo ukikataliwa mpakani, huenda wapi? Mwenye mali aliyekopa mtaji haumwagi. Hutafuta soko lisilopima. Likikosekana soko la watu, huuzwa kwa wafuga kuku au kwa wapika pombe, kwa imani kwamba huko hauna madhara. Lakini aflatoksini hupita kwenye pombe ya kienyeji, huua vifaranga, na ng'ombe akiila hutokea kwenye maziwa. Nafaka iliyokataliwa Namanga au Kobero inaweza kurudi kwenye bakuli la mtoto Bwiza, au Uvira, au Ngara, kwa bei ya kutupa.

Yanayowezekana kwa mfanyabiashara

Sumu hii haina dawa ya kuisafisha dukani, lakini ina milango michache ya kuifungia.

Wa kwanza ni unyevu. Kipima unyevu kidogo cha mkononi hulipa gharama yake kwa shehena moja iliyookolewa. Mwenye kuanika aanike kwenye turubai, si kwenye udongo, kwa kuwa kuvu anaishi humo. Nafaka iliyolowa mvua njiani ianikwe upya kabla ya kuingia ghalani.

Wa pili ni ghala. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na hewa ipite. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa na huzuia kuvu kuendelea kukua, ilimradi nafaka iliyomo iwe imekauka. Ukiifungia mbichi, umeifungia pamoja na adui.

Wa tatu ni mikono. Sumu haikai sawasawa katika gunia: punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Ndiyo maana kuchambua na kutupa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu huipunguza sana. Kwa karanga ni hivyohivyo. Zile zilizosinyaa ambazo huuzwa rahisi kwa kusagwa ndizo za kuogopwa zaidi. Na kwa sababu hiyohiyo, sampuli ya gunia moja la juu haisemi kitu kuhusu lori zima. Chota kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya, ndipo upime.

Wa nne hauko ghalani, uko kliniki. Panya wa Chisari walionyesha kwamba kirusi na sumu hushirikiana, kwa hiyo kumzuia mmoja ni kumdhoofisha mwenzake. Chanjo ya homa ya ini B ipo tangu miaka ya 1980 na imo katika chanjo za kawaida za watoto wachanga katika nchi za Jumuiya. Mtoto akamilishe dozi zake. Mtu mzima apime damu kwanza. Asiye na kirusi achanjwe, na aliye nacho afuatiliwe na daktari, kwani zipo dawa za kukituliza. Kirusi hicho hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wanaolala safarini, wanaonyolewa kwa wembe wa kushirikiana na wanaoishi nusu ya mwezi mbali na nyumbani wana sababu ya ziada ya kupima.

Hesabu ya mwisho

Kukausha vizuri hupunguza uzito, na uzito ndio bei. Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, ikishushwa hadi 13.5, hupoteza kilo 52 hivi za maji. Kwa mwenye kuuza kwa kilo hiyo ni hasara anayoiona kwa macho, na sumu haionekani. Ndiyo sababu kanuni peke yake haitoshi. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa mahindi makavu na mabichi anamfundisha muuzaji asikaushe. Wafanyabiashara wa Bwiza na wenzao wa Kigoma, Uvira na Ngara wanaweza kubadilisha hilo wenyewe bila kusubiri mkutano wa mawaziri, kwa kuanza kuuliza unyevu kabla ya kuuliza bei, na kumlipa zaidi aliyekausha.

Panya wa maabara walitengenezwa ili mtu asilazimike kuwa kipimo. Mahindi yasiyopimwa yakivuka mpaka, mtu anageuzwa kuwa kipimo tena, na majibu yake huchukua miaka 20 kutoka.